Uzi: Cookham, kijiji cha Mto Thames kilicholindwa na mafuriko yake

Mpita Daraja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu jukwaani. Leo nina jambo limenijaa moyoni, naomba nilitue.

Nafanya kazi ya kulea wazee Maidenhead, mji ulio magharibi ya London. Nikitoka zamu ya usiku mara nyingi siendi kulala moja kwa moja. Napanda treni fupi ya kwenda Marlow, dakika chache nashuka Cookham, natembea hadi mtoni na kukaa. Mwanzoni nilikuwa nafuata utulivu tu, sikujua lolote kuhusu mahali penyewe. Kisha akaja kwetu mama mmoja mtu mzima sana (sasa ni marehemu, Mungu amrehemu) aliyekulia pale kijijini. Siku nilipomwambia nimetoka Cookham asubuhi ile, alinishika mkono akaniuliza, "Daraja umelipia?" Nikadhani umri umemchanganya. Kumbe hakuchanganyikiwa hata kidogo. Daraja la Cookham lilikuwa la kulipia hadi mwaka 1947, na yeye alikuwa mtoto anayetumwa ng'ambo na sarafu ya ushuru mkononi.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza, kusoma, na kutazama kwa makini. Huu ni mwaka wa tano.

Hoja yangu naitanguliza ili mnaotaka kunipinga mjiandae: Cookham kimebaki kijiji kwa sababu ya maji. Watu watakuambia kimehifadhiwa na matajiri. Mimi nasema matajiri walikuja wakakuta kimeshahifadhiwa, na aliyekihifadhi ni mto unaotoka kingoni kila baada ya miaka kadhaa na kuwakumbusha watu ardhi ni ya nani.

Nieleze pakoje. Parokia ya Cookham ina sehemu tatu. Chini kabisa, mtoni, kipo kijiji cha zamani: barabara moja kuu, nyumba za matofali na mbao nyeusi, kanisa la Holy Trinity lenye mnara wa mawe ya gumegume, na daraja. Ya pili ni Cookham Rise, iliyokua kuzunguka kituo cha treni kilichofunguliwa 1854. Ya tatu ni Cookham Dean, juu vilimani, ambako kulisifika kwa bustani za micheri. Huko Dean ndiko alikolelewa na bibi yake mwandishi Kenneth Grahame, yule wa hadithi ya wanyama wa mtoni ya mwaka 1908.

Sasa, kati ya kituo na kijiji cha zamani kuna uwanda mpana wa nyasi unaoitwa Cookham Moor. Hauna nyumba. Pembeni yake pamejengwa njia ya miguu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Mara ya kwanza kuiona nilishangaa, njia ya nini imeinuliwa hivi katikati ya majani makavu? Mto ulipofurika mwanzoni mwa 2014 nilielewa. Moor yote iligeuka ziwa.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Binti Uluguru

Kaka Mpita Daraja, asante kwa uzi. Naomba uniweke sawa hapo kwenye neno parokia. Mimi ni Mkatoliki, kwetu parokia ni ya kanisa, ina paroko na vigango vyake. Hapo unasema parokia ina kituo cha treni. Ni ya kanisa au ya serikali?

Mpita Daraja

Dada, umegusa penyewe. Ni zote mbili, na zamani zilikuwa kitu kimoja.

Parokia ya Kiingereza ilianza kama eneo linalotoa fungu la kumi kwa kanisa moja. Mfugaji anatoa mwanakondoo, mkulima anatoa ngano, na mpaka wa parokia ndio unaosema utampelekea nani. Mwaka 1538, zama za Mfalme Henry wa Nane, Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kisha sheria ya maskini ya 1601 ikaziagiza parokia zikusanye kodi kwa wenye nyumba na mashamba ili kuwatunza yatima, wajane, wagonjwa na vikongwe wasio na mtu. Hapo ndipo mpaka ulipokuwa suala la uhai. Ukizeeka bila kitu, swali la kwanza ni hili: wewe ni wa parokia gani? Ukiwa si wa hapa, unarudishwa ulikotoka.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, kwa hiyo habari hii siisomi kama historia ya mbali.

Mwaka 1834 mzigo wa maskini uliondolewa kwenye parokia mojamoja, zikaunganishwa kuwa miungano. Hapa uliundwa Muungano wa Cookham, na nyumba yake ya kazi, walikokaa maskini wakifanyishwa kazi kwa chakula, ilijengwa Maidenhead. Mwaka 1894 ikatoka sheria iliyotenganisha moja kwa moja: kanisa likabaki na parokia yake ya ibada, na wakazi wakachagua halmashauri ya parokia, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Hiyo haina habari na dini yako. Inashughulika na mabenchi, njia za miguu, viwanja vya watoto na viploti vya kulima mboga.

Kwenye barabara kuu ya kijiji liko jiwe moja kubwa la kijivu, halijachongwa, linaitwa Tarry Stone. Lina maandishi yanayosema kwamba kabla ya mwaka 1507 michezo ilikuwa ikifanyika kwenye jiwe hilo, kwamba zamani lilisimama yadi 50 upande mwingine, na kwamba lilirudishwa hapo mwaka 1909 kwa amri ya halmashauri ya parokia. Fikiria, dada. Watu wamekaa kikao, wameandika muhtasari, wamepitisha azimio kuhusu jiwe. Nililipapasa siku hiyo, lina vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na juu limelainika kwa kukaliwa.

Mzee wa Daftari

Kijana, endelea. Nilikuwa mwalimu wa historia, nimestaafu. Tupe umri wa mahali hapo. 1507 bado ni jana kwa kanisa la mawe.

Mpita Daraja

Shikamoo mwalimu. Hili ndilo nililolihifadhi, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Twende karne ya 8. Hakukuwa na nchi moja ya Uingereza. Kaskazini ya Thames kulikuwa na ufalme wa Mercia, kusini ufalme wa Wessex, na mto ukawa mpaka wanaougombania. Hapo Cookham palikuwa na monasteri. Mfalme Æthelbald wa Mercia akaitoa monasteri hiyo, na ardhi yake yote, kwa kanisa kuu la Canterbury. Hati ziliandikwa. Lakini zama zile karatasi peke yake haikutosha, kwa hiyo pamoja na hati lilipelekwa donge la udongo lililokatwa Cookham kwenyewe, likawekwa juu ya altare Canterbury. Udongo ndio shahidi.

Baadaye askofu mkuu Cuthbert akafariki. Wanafunzi wake wawili waliowahi kulelewa naye, Dægheah na Osbert, wakaziiba zile hati na kumpelekea Cynewulf, mfalme wa Wessex, naye akaichukua monasteri. Kisha Offa wa Mercia akampokonya Cynewulf miji na mahali pengi, Cookham ikiwemo, akaishikilia bila hati. Offa akafa mwaka 796. Mjane wake, Malkia Cynethryth, akawa mkuu wa watawa na Cookham ikawa mkononi mwake.

Mwaka 798 likaketi baraza kubwa. Askofu mkuu Æthelheard wa Canterbury akasimama na hati zilizopatikana, akadai chake. Malkia hakubishana kuhusu wizi. Alitoa ardhi nyingine huko Kent, eneo linalohesabiwa kutosha kaya 110, ili abaki na Cookham. Kaya 110, mwalimu, kwa ajili ya monasteri moja ukingoni mwa mto! Huyu si mwanamke mdogo. Ndiye malkia pekee wa Waanglo-Saksoni tunayejua kwamba sarafu zilipigwa zikiwa na jina na sura yake.

Miaka zaidi ya 1,200 hakuna aliyejua monasteri ilisimama wapi hasa. Agosti 2021 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Reading, wakiongozwa na Gabor Thomas, walitangaza wameipata, pembeni mwa kanisa la Holy Trinity, upande wa mtoni. Mabaki ya majengo ya mbao, vyungu, bangili ya shaba, pini ya nguo. Pini ya nguo! Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mita chache kutoka pale miaka miwili mfululizo nikila mkate wangu.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye maji. Kwa nini hapo? Kwa sababu mto ulikuwa barabara. Karne iliyofuata Mfalme Alfred wa Wessex alipopanga ngome za kujikinga na Wadenmark, moja iliwekwa kwenye kisiwa cha Sashes, hapohapo Cookham. Anayeshika sehemu hii anaamua nani anapita.

Mzee wa Daftari

Marahaba. Hilo donge la udongo limenigusa. Hongera kwa kusoma.

Kasia Moja

Na kanisa lililopo sasa ni la lini?

Mpita Daraja

Karne ya 12 ndiko linakoanzia, likaongezwa baadaye kwa awamu. Ubavuni mwake, kati ya 1171 na 1181, aliishi mwanamke aliyejifungia kwenye chumba cha mawe ili asali maisha yake yote, na Mfalme Henry wa Pili alimlipia nusu peni kwa siku. Jina lake halikuandikwa. Nusu peni imeandikwa.

Sauti ya Mkunazini

Salaam wote. Nachomeka kidogo, mwenye uzi uniwie radhi. Mnapozungumzia parokia ndogo za Kiingereza kando ya mto, sisi wa Zanzibar tuna deni na mojawapo. Edward Steere, aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870 na kusimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, alikuwa kasisi wa parokia ya Little Steeping, Lincolnshire, kijiji kidogo kwenye Mto Steeping. Alitoka pale akamfuata rafiki yake Askofu Tozer, naye aliyekuwa kasisi wa parokia ya jirani, wakafika Unguja 1864. Steere alifia Unguja mwaka 1882, na amezikwa humo humo kanisani nyuma ya altare. Kwa hiyo Kiswahili chetu cha vitabu kilipita mikononi mwa padri wa kijiji cha mtoni.

Mpita Daraja

Asante sana ndugu yangu. Hili sikulitegemea, nami nitapanga safari ya Lincolnshire.

Mhandisi wa Maji

Mkuu Mpita Daraja, simulizi ni nzuri, lakini hoja yako ya mafuriko haijakaa sawa. Mimi hii ndiyo taaluma yangu. Kando ya Thames kuna maeneo mengi yanayofurika na yamejengwa hadi ukingoni. Watu hawaogopi maji. Wanaleta vifusi, wanainua kiwanja, wanauza. Mafuriko peke yake hayajawahi kumzuia mwenye pesa. Lazima kuna kitu kingine.

Mpita Daraja

Mhandisi, nimekaa na swali lako siku mbili ndiyo maana nimechelewa. Una haki. Maji peke yake hayatoshi, nilikuwa nimefupisha mno.

Kitu kingine ni malisho ya wote. Kwa kuwa Moor na nyanda zile zilikuwa zinalowa, hazikufaa kulimwa ngano wala kujengwa. Zilifaa kulishia tu. Na ardhi ya kulishia kwa desturi ya zamani ilikuwa na mwenye enzi mmoja kwenye karatasi, lakini wanakijiji walikuwa na haki ya kuingiza mifugo. Haki hiyo ilimfunga mikono mwenye ardhi, hawezi kuzungushia uzio akasema hii ni yangu.

Lakini miaka ya 1920 na 1930 mifugo ilikuwa imepungua, London inajipanua kwa reli na barabara, na kila uwanja mtupu ulikuwa unatazamwa na wajenzi. Mwaka 1934 wakazi wa Maidenhead na Cookham walinunua ardhi za malisho kutoka kwa mwenye enzi huyo, wakazikabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, zisimamiwe kwa faida ya wote. Ni zaidi ya ekari 800, na Moor imo. Hazikununuliwa na mfalme wala na serikali.

Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu hivi: maji yaliifanya ardhi isiwe na bei, kutokuwa na bei kukaifanya ibaki ya wote, na ilipoanza kuwa na bei tayari kulikuwa na watu waliozoea kuiona ni yao. Hatua zote tatu zilihitajika. Ukitaka ushahidi mwingine, tazama treni ilipofika 1854: nyumba mpya zilipanda kule Rise kwenye mwinuko, hazikujazana mtoni. Na Maidenhead yenyewe, huo mji uliokua ukawa mkubwa, nusu yake ya kaskazini zamani ilikuwa ndani ya parokia ya Cookham na nusu ya kusini ndani ya parokia ya Bray. Mtoto alimzidi mama, lakini hakummeza.

Mhandisi wa Maji

Hapo sasa nimekuelewa, na nakubali. Gharama zake lakini usizisahau: 1947, 2003, 2014. Kuna watu walitoa matope sebuleni.

Mpita Daraja

Siwezi kusahau. Yule mama alikumbuka Machi 1947 vizuri kuliko jana yake. Theluji nzito iliyeyuka kwa ghafla, mvua ikanyesha juu yake, na mto ukapanda. Alisema kilichomkaa kichwani ni harufu. Wiki nyingi baada ya maji kuondoka, kila nguo kabatini ilikuwa inanuka mto. Na mwaka uleule, halmashauri ya mkoa ikalinunua daraja na ushuru ukafutwa. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa kama sentensi moja: mto uliingia ndani, daraja likawa bure.

Daraja lenyewe ni la chuma, la mwaka 1867, limepakwa rangi ya samawati hafifu. La kwanza lilikuwa la mbao, la 1840. Ni jembamba kiasi kwamba magari yanapita kwa zamu, taa zinaongoza. Ukisimama katikati, Berkshire iko mguu mmoja na Buckinghamshire mwingine, na chini yako mto unaanza kugawanyika matawi manne. Moja lilichimbwa na watu mwaka 1830 ili mashua ziikwepe sehemu mbaya: zinaingia kwenye chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, lango la nyuma linafungwa, maji yanapunguzwa taratibu, mashua inashuka nayo, lango la mbele linafunguliwa. Naweza kulitazama hilo saa nzima.

Binti Uluguru

Kaka, nimepekua jina la Cookham nikakutana na mchoraji Stanley Spencer kila mahali. Mbona hujamtaja?

Mpita Daraja

Dada, namwogopa, kwa maana nikianza siishii. Haya.

Stanley Spencer alizaliwa 30 Juni 1891 kwenye barabara kuu ya Cookham, nyumba iitwayo Fernlea, iliyojengwa na babu yake. Baba alikuwa mwalimu wa piano na mpiga kinanda kanisani. Alipokwenda kusomea uchoraji London, katika shule ya Slade, alikuwa anarudi kwa treni kila siku jioni kunywa chai nyumbani, hadi wenzake wakamwita "Cookham". Maisha yake yote alikiita kijiji hiki kipande cha mbinguni, na hakuwa anasema kwa mfano. Akisoma Injili, mambo yanatokea kwenye barabara yao. Karamu ya Mwisho aliiweka ndani ya jengo la kuandalia kimea la kijijini, miguu mitupu ya mitume imepangana chini ya meza. Kristo anahubiri kwenye mashindano ya mashua ya Cookham, na picha hiyo aliiacha haijaisha alipofariki Desemba 1959.

Mwaka 1915 alikuwa anachora shughuli ya kila mwaka ya kuhesabu bata maji mtoni, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu. Akaingia jeshini, kitengo cha matabibu, kwanza hospitali ya Bristol kisha Makedonia. Kaka yake Sydney aliuawa vitani 1918. Stanley aliporudi akaikuta picha chumbani kwake ikiwa nusu. Sehemu ya juu, yenye daraja, ilikuwa ya kijana ambaye hajaona maiti za vita. Sehemu ya chini aliimaliza 1919. Imo kwenye jumba la sanaa la Tate Britain, London. Nimeitazama kwa karibu mara nyingi nikitafuta mshono, mahali kijana anapoishia na askari anapoanzia. Nadhani ni pale maji yanapokuwa mazito.

Wazee wa kijiji walimkumbuka akisukuma kigari cha mtoto kilichojaa rangi, turubai na mwavuli. Yule mama yangu naye alimkumbuka. Kigari kipo hadi leo kwenye jumba la picha zake, lililofunguliwa 1962 katika kanisa dogo la Wamethodisti alikokuwa akipelekwa na mama yake utotoni. Pembeni yake lipo tangazo aliloliweka alipokuwa akichora makaburini, akiwaomba wapita njia kwa adabu wasimkatize. Magurudumu ya kigari ni madogo, yenye kutu. Nilichutama nikayatazama, nikawaza umbali gani yamekwenda bila kutoka nje ya parokia moja.

Lakini picha iliyonifanya niandike uzi huu ni ile kubwa ya ufufuo, aliyoichora 1924 hadi 1927. Ina upana wa karibu mita tano na nusu. Ni makaburi ya Holy Trinity, yaleyale ninayopita. Siku ya mwisho imefika, na hakuna tarumbeta wala moto. Watu wanatoka makaburini taratibu kama wanaoamka usingizini, mmoja anamfuta mwenzake vumbi la koti. Hilda, mkewe, yumo zaidi ya mara moja. Nyuma kabisa, waliofufuka wanapanda mashua za Thames kwenda mbinguni. Na katikati ya picha, wakuu, katikati kabisa, kuna kundi la watu weusi. Waafrika. Wanainuka kutoka kwenye udongo mkavu uliopasuka kwa jua, ndani ya makaburi ya kijiji cha Berkshire.

Nilisimama pale Tate nikiwa na begi la kazini mgongoni, na machozi yakanitoka.

Mwana wa Pwani

Mpita Daraja, nakuheshimu, ila mimi ile picha naifahamu na hisia zangu ni tofauti. Wale Waingereza wote mle ni watu anaowajua: mke wake, marafiki, yeye mwenyewe. Wale Waafrika aliwatoa kwenye picha za jarida. Hawana majina. Yule mwanamke wa nusu peni na wale Waafrika wako kundi moja.

Mpita Daraja

Mwana wa Pwani, ni kweli tupu, na sina la kukupinga. Hakuwajua. Alitaka kuonyesha kwamba wanadamu wote wamo, na kwa wanadamu wote alichokuwa nacho ni jarida. Hilo ni pungufu na linauma.

Nibaki nalo hili tu: alipoamua wafufukie wapi, aliwapa makaburi ya kijijini kwake. Hakuwatenga kwenye picha nyingine, hakuwaweka pembeni. Mimi nimeosha miguu ya wazee wa parokia hizi kwa miaka mingi, nimewafumba macho wengine. Siwezi kumudu chumba kimoja cha kupanga Cookham, bei zake ni za watu wa aina nyingine kabisa. Kwa hiyo kuona watu wa rangi yangu wamepewa kaburi pale, hata bila majina, kulinigusa pahali ambapo sikuwa najua papo. Majivu ya Spencer yapo palepale makaburini, kando ya njia. Kila nikipita nasimama.

Binti Uluguru

Pole kaka. Na hongera kwa kazi hiyo.

Kasia Moja

Mkuu, mimi niko Reading, ni karibu. Hiyo ya kuhesabu bata maji bado ipo? Nataka kuleta watoto.

Mpita Daraja

Ipo, kila mwaka wiki ya tatu ya Julai. Ni desturi ya tangu karne ya 12. Wenye haki ni watatu: Mfalme, na vyama viwili vya kale vya London, cha wafanyabiashara wa mvinyo na cha watia rangi nguo. Wanapanda mto kwa makasia siku tano, kuanzia Sunbury hadi Abingdon. Wakiona familia ya bata maji, mmoja anapaza sauti, mashua zinaizunguka, vifaranga vinapimwa, vinakaguliwa kama vina jeraha la ndoano ya samaki, vinavishwa pete mguuni na kurudishwa majini. Zamani ilikuwa kwa ajili ya kuliwa kwenye karamu, sasa ni kwa ajili ya kuwalinda. Watu wa Mfalme wanavaa nyekundu.

Cookham hupita siku ya pili, Jumanne. Njoo mapema, shuka kituoni, vuka Moor kwa ile njia iliyoinuliwa, watoto wataipenda. Pita kwenye Tarry Stone, ingia makaburini, toka kwa mlango wa upande wa mtoni. Mimi nitakuwa nimetoka zamu, nitakuwa benchi la kwanza chini ya daraja, upande wa Berkshire. Njoo na chai.

Kasia Moja

Jumanne, chini ya daraja. Nimeandika.